Majirani Wetu wa Pembezoni mwa Msitu: Kuwatazama Viumbe kwa Furaha na kwa Heshima

Familia nyingi zinaishi mahali ambapo shamba linapakana na msitu. Ndivyo ilivyo katika Milima ya Usambara mkoani Tanga, kuanzia vijiji vya Amani wilayani Muheza hadi vitongoji vinavyouzunguka msitu wa Magamba wilayani Lushoto. Huko mtu hahitaji gari wala kiingilio cha hifadhi ili amwone mbega, hondohondo au kinyonga mwenye pembe. Akifungua dirisha asubuhi, pengine yupo mtini. Hata hivyo, wengi wetu tumezoea kuwatazama viumbe hao kwa namna mbili tu: kama kitoweo au kama tishio. Makala hii inaeleza namna ya tatu, ambayo ni kuwatazama kwa furaha, kwa utulivu na kwa mbali, pasipo kutaka kuwamiliki. Namna hiyo si anasa ya watalii. Ni sehemu ya utunzaji bora wa mazingira nyumba ya wote, na inaanzia uani kwetu.

Kwa nini milima hii ina viumbe wa pekee

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Kwa muda mrefu sana pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zimeilisha misitu ya milima hii mvua na ukungu. Kwa kuwa kila mlima umetenganishwa na mwenzake na nyanda kavu, misitu yake imekuwa kama visiwa, na viumbe wengi walioishi humo hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Ulimwengu umeyajua hayo kwa muda mrefu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona huko Usambara ua dogo la rangi ya zambarau likikua mahali penye kivuli na unyevu, akalituma kwao. Leo ua hilo, linaloitwa Saintpaulia kwa heshima ya jina lake, hupandwa katika vyungu na kuwekwa madirishani katika nchi nyingi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha bustani ya mimea ya Amani, na mwaka 1997 msitu wa Amani ukafanywa hifadhi ya mazingira asilia. Yupo pia chozi, ndege mdogo anyonyaye maji matamu ya maua, anayeitwa kwa jina la Amani. Na yupo bundi mkubwa anayeitwa kwa jina la Usambara.

Hata lugha yetu imeingia katika orodha hiyo ya heshima. Mwaka 2006 wanasayansi walipowaweka baadhi ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki katika kundi lao la pekee, jina la kitaalamu walilolichagua ni Kinyongia, kutokana na neno letu kinyonga. Tunakumbuka katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kwamba Mungu alimletea Adamu wanyama ili awape majina. Kumpa kiumbe jina ni kumtambua kabla ya kumtumia. Wazee wetu wanayo majina ya Kisambaa ya ndege na wanyama wengi ambayo vijana hawayajui tena. Kuyauliza na kuyaandika ni hatua ya kwanza ya kuona vizuri.

Zamu za mchana na zamu za usiku

Zaburi ya 104 inaeleza jambo ambalo kila anayeishi karibu na msitu anaweza kulithibitisha: Mungu ameugawa muda. Usiku wanyama wa mwituni hutoka kutafuta chakula. Jua likichomoza hurudi mapangoni mwao, naye mwanadamu hutoka kwenda kazini hadi jioni. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba viumbe wanaishi kwa zamu. Anayezijua zamu hizo hahangaiki msituni kuwatafuta wanyama. Hukaa mahali pake na kuwasubiri wapite.

Zamu ya kwanza ni ya alfajiri. Kabla ya jua kuchomoza husikika mngurumo mzito kutoka kilele cha miti: ni mbega dume akitangaza mipaka ya kundi lake. Baada ya usiku wenye baridi mbega hukaa juu kabisa ya miti wakiota jua, na hapo ndipo manyoya yao marefu meupe mabegani yanapoonekana vizuri. Mbega hana kidole gumba kama chetu. Kimebaki kinundu tu. Chakula chake kikubwa ni majani, na tumbo lake lina vyumba vya kuyachachusha polepole, ndiyo maana hutumia sehemu kubwa ya siku akiwa amepumzika. Ukiona kitoto cheupe pepe kifuani mwa mama yake, usidhani ni mnyama wa aina nyingine. Watoto wa mbega huzaliwa weupe, kisha hubadilika rangi kadiri wanavyokua.

Zamu ya mchana ina watu wake. Kima hupita kwa makundi, wakila matunda, majani na wadudu. Hondohondo hutambuliwa kwa mlio na kwa kishindo cha mabawa yake kabla hajaonekana. Maisha ya ndege huyu ni fundisho: wakati wa kutaga, jike huingia katika tundu la mti mkubwa, kisha mlango huzibwa kwa udongo ukabaki ufa mwembamba tu. Kwa majuma mengi dume humletea matunda na kumlisha kupitia ufa huo, yeye pamoja na makinda. Dume akifa, familia nzima imo hatarini. Tena, pasipo mti mkubwa wenye tundu hakuna kiota. Kukata mti mmoja wa kale kunaweza kuwa ni kubomoa nyumba ambayo hondohondo hawezi kuijenga upya.

Kima na hondohondo ni wapanzi wa msitu. Humeza matunda hapa na kuacha mbegu kule, mbali na mti mama. Kazi yao haichagui mbegu. Mti wa kigeni uitwao kitaalamu Maesopsis eminii, uliopandwa na wataalamu wa misitu huko Usambara Mashariki, umeenea hadi ndani ya msitu wa asili kwa sababu hondohondo hupenda matunda yake. Tunachokipanda uani kinaweza kufika mbali kuliko tulivyokusudia. Ndiyo maana inafaa kuuliza kwanza ni miti gani ya asili ya mahali petu.

Zamu ya usiku ndiyo inayotisha wengi, kwa kuwa tunaisikia bila kuiona. Sauti kama ya mtoto mchanga anayelia mtini ni ya komba, mnyama mdogo mwenye macho makubwa, ambaye wagema wa pwani wanamjua kwa kupenda tembo lililo katika vibuyu vyao. Kelele kali zinazopanda ngazi kwa ngazi kama mtu anayenyongwa ni za perere, mnyama asiyezidi ukubwa wa sungura, ambaye kwa maumbile ana undugu na tembo wa porini. Jamaa yake, pimbi wa mawe, anatajwa katika Zaburi hiyohiyo ya 104 kuwa amepewa majabali yawe kimbilio lake. Naye buku, panya mkubwa aonekanaye nyuma ya jiko akibeba mahindi katika mashavu yake, ana ndugu wanaofanya kazi ya heshima: shirika la APOPO, lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, huwafundisha buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi.

Bundi na kinyonga: hofu isiyo na msingi

Wapo viumbe wawili ambao katika vijiji vyetu huuawa si kwa njaa wala kwa kulinda mazao, bali kwa hofu tu. Wa kwanza ni bundi. Inasemwa kwamba akilia juu ya paa, mtu wa nyumba hiyo atafariki. Tufikiri kwa utulivu. Bundi hukaa juu ya paa kwa sababu chini ya paa kuna panya. Hulia usiku kwa sababu usiku ndio zamu yake, naye hulia miaka yote, katika nyumba zenye wagonjwa na zisizo na wagonjwa. Anayelala usingizi mzito hamsikii. Anayekesha kitandani pa mgonjwa ndiye anayemsikia, na mgonjwa akifariki huikumbuka sauti ile. Usiku mwingine mia ambao bundi alilia na asife mtu, hakuna aliyeuhesabu.

Wapo pia wanaomwita ndege wa wachawi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika mafundisho yake juu ya Amri ya Kwanza, inauhesabu ushirikina kuwa ni upotoshaji wa heshima inayompasa Mungu peke yake. Kumpa ndege mamlaka juu ya uhai na kifo cha mtu ni kumpa kiumbe kile kilicho cha Muumba. Zaidi ya hayo, hofu hiyo imewaumiza binadamu: mahali ambapo bundi hugeuzwa kuwa ushahidi, mara nyingi yupo bibi kizee jirani anayegeuzwa kuwa mshtakiwa.

Ipo pia hasara ya kiafya. Wilaya ya Lushoto ilikumbwa na milipuko ya tauni kuanzia mwaka 1980, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, nayo ikarudi tena na tena kwa miaka mingi na kuua watu. Bundi peke yake hawezi kuzuia tauni. Usafi wa nyumba, maghala bora na huduma za afya ndizo kinga. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba katika milima iliyoteswa na ugonjwa wa panya, mwindaji hodari wa panya ndiye anayerushiwa mawe.

Wa pili ni kinyonga. Hana sumu. Hawezi kumdhuru mtu zaidi ya kumfinya kidogo kwa taya zake. Macho yake mawili yanaweza kutazama pande mbili tofauti kwa wakati mmoja, na ulimi wake huruka kumnasa mdudu kabla jicho letu halijatambua. Rangi yake hubadilika kwa mwanga, kwa joto na baridi, kwa hasira na kwa kutafuta mwenzi, wala si hila ya kutudanganya. Njia rahisi ya kuwaonyesha watoto kinyonga ni kwa tochi usiku: hulala kwenye ncha za vijiti, na mwilini huwa amepauka, akang'aa katikati ya majani. Mtoto aliyemmulika kinyonga aliyelala, akamwacha alale, hatampiga fimbo kesho yake.

Kuona bila kumiliki

Furaha ya kuwatazama wanyama ina kanuni zake, nazo ni chache.

Kwanza, tuchunge umbali. Mnyama akiacha kula, akikukazia macho au akianza kuwaita wenzake, umeshamkaribia kupita kiasi. Rudi nyuma polepole. Anayekaa kimya mlangoni kwa nusu saa ataona mengi kuliko anayefuatilia vichakani siku nzima.

Pili, tusiwalishe. Kima anayepewa ndizi leo kesho atazidai, na keshokutwa ataingia jikoni kuzichukua. Hapo huanza ugomvi ambao mwisho wake ni mtoto kung'atwa na kima kuuawa. Upendo wa namna hiyo humpunja mnyama na jirani pia, kwa kuwa kima aliyezoezwa na nyumba moja huiba katika nyumba zote. Vivyo hivyo, mabaki ya chakula yafukiwe, na kuku wafungiwe usiku ili fungo na kicheche wasijenge mazoea.

Tatu, tusiwafuge. Mtoto wa komba au wa kima aonekanaye peke yake huenda mama yake yupo karibu, akisubiri tuondoke. Aidha, sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda au kumiliki mnyamapori bila kibali. Mnyama aliyejeruhiwa aripotiwe kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri, au kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, pale ambapo msitu ni hifadhi ya mazingira asilia kama Amani na Magamba.

Nne, tujilinde. Mnyama wa porini anayemkaribia mtu bila woga anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya ili apate chanjo. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, karibu hauna tiba. Mbwa wetu wachanjwe. Popo wasishikwe kwa mikono mitupu. Nyasi na marundo ya kuni karibu na mlango yaondolewe, maana panya wakijificha humo, nyoka huwafuata.

Haki ya mkulima

Si haki kumhubiria furaha mtu ambaye kima wamemaliza mahindi yake. Mjane anayetegemea robo eka hawezi kuliona kundi la kima kwa macho ya mgeni mwenye darubini shingoni. Katekisimu, katika aya ya 2416 hadi 2418, inaweka mizani iliyo sawa: wanyama humtukuza Mungu kwa kuwapo kwao tu, nasi tunawiwa kuwatendea kwa wema, mwanadamu anaruhusiwa kuwatumia kwa chakula na mahitaji yake, hairuhusiwi kuwatesa au kuwaua bure, wala haifai fedha zinazopaswa kwanza kupunguza taabu za watu zitumike kwa ajili ya wanyama.

Kwa hiyo, ulinzi wa mazao ni kazi halali, na inafaa kuwa kazi ya ujirani. Familia zinazopakana na msitu zikipeana zamu za kulinda wakati mahindi yanapokomaa, watoto hawatalazimika kukosa shule ili wafukuze kima. Mstari wa shamba ulio jirani kabisa na miti unaweza kupandwa chai, mdalasini au pilipili manga, mazao yanayostawi Usambara na yasiyowavutia kima kama mahindi na ndizi. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo inayojua ni nani kati yao amepoteza mavuno, ikamchangia debe la mahindi, imefanya kazi kubwa ya kuhifadhi msitu, hata kama haikutaja neno uhifadhi. Asiye na njaa hategi mitego.

Kona isiyolimwa

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Kitume "Laudato si'" wa mwaka 2015, anakumbusha kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliagiza sehemu ya bustani ya watawa iachwe bila kulimwa, ili maua na majani ya porini yaote humo, na wote wayaonao wainue mioyo kwa Mungu. Katika waraka huohuo anaonya kwamba viumbe wanaotoweka kwa sababu yetu hawatampa tena Mungu utukufu kwa kuwapo kwao, wala hawatatufundisha lolote, na kwamba hatuna haki ya kuwatoweshea nafasi hiyo.

Agizo la Mtakatifu wa Asizi linatekelezeka hata penye ardhi finyu. Hatua chache nyuma ya nyumba, ukingo wa kijito au pembe ya kiwanja cha kigango zinatosha. Paachwe mti mmoja wa kale wenye tundu. Paachwe vichaka vyenye maua ambamo chozi atanyonya. Chombo cha maji kwa ajili ya ndege kinafaa, ilimradi maji yamwagwe na kubadilishwa kila siku yasizalishe mbu. Baada ya misimu michache kona hiyo itakuwa na wageni wake, na familia haitahitaji kwenda mbali kuwaona.

Kila mwaka, kuanzia Septemba 1, Siku ya Kuombea Utunzaji wa Kazi ya Uumbaji, hadi Oktoba 4, Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, Mama Kanisa anatualika katika Kipindi cha Kazi ya Uumbaji. Walezi wa Utoto Mtakatifu wanaweza kukitumia kwa jambo moja jepesi: kila mtoto apewe daftari, aandike kila kiumbe anachokiona nyumbani kwao, saa aliyokiona, na jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha ya babu na bibi. Manati yaachwe nyumbani kwa majuma hayo matano. Mwishoni majina yasomwe kwa sauti mbele ya wazazi, na bundi awemo.